Anaimba namba mpaka mia, lakini nane na sita hajui ipi kubwa

*Shikamoo Mwalimu,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Anayemfuata ni wa kike, miaka minne, bado hajaanza shule ya awali. Wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu, na kila anachokiokota kinaishia mdomoni.*

*Mwezi uliopita nilikwenda shuleni kuulizia maendeleo ya huyu mkubwa. Mwalimu wake akaniambia mtoto anahesabu vizuri mpaka mia, ila akiulizwa kati ya nane na sita ipi kubwa, anabahatisha. Niliporudi nyumbani nikamjaribu mwenyewe. Nikaweka ndizi tano mezani, nikaongeza mbili, nikamuuliza zimekuwa ngapi. Akaanza moja, mbili, tatu, mpaka saba. Nikaongeza moja tena, akarudi kuanza moja. Nilishangaa, maana hizo namba anaziimba hata usingizini.*

*Dada mmoja kazini akanishauri ninunue ludo, kwamba wanawe walijulia hesabu humo. Nikanunua ile yenye ludo upande mmoja na nyoka na ngazi upande wa pili. Mwalimu, ningejua! Siku ya kwanza walicheza vizuri. Kuanzia hapo ni vita. Mkubwa akiliwa kete analia mpaka majirani wanachungulia, na juzi kapindua ubao mzima, kete zikaingia chini ya kabati. Akiona nyoka yuko mbele yake anahesabu vibaya makusudi. Mdogo wake ndiyo kabisa, hasubiri zamu. Anachukua kete anaitembeza anapotaka, ukimuuliza anasema "yangu inakwenda sokoni".*

*Baba yao akitoka kazini anapitia barazani, na bao linaendelea mpaka isha. Lakini akinikuta mimi mkekani na watoto anasema nawafundisha uvivu. Kama ni hesabu, mtoto apelekwe tuisheni. Kama ni ludo, ipo kwenye simu na haina kete za kupotea. Siku akikubali kucheza nao hamwachii mtoto hata mara moja, anasema dunia haitamwonea huruma. Mimi kwa upande wangu namwachia ashinde ili tulale kwa amani.*

*Halafu kuna mama mkwe, tunakaa naye. Hana neno na michezo, ila dadu haitaki ndani ya nyumba. Anasema ni haramu, iwe kwa pesa au bila pesa. Sitaki kumvunjia heshima.*

*Niendelee na michezo hii au nimpeleke tuisheni? Na kuna duka hapa mjini wanauza seti ya michezo ya kielimu kutoka nje, bei yake inakaribia mshahara wangu wa wiki. Ninunue?*

*Mama wa Watatu, Tanga*

Marahaba mwanangu.

Nianze na kijana, hao wakubwa wenye maneno nitawafikia. Mwanao si mzito wa akili, na wala usimwambie hivyo hata kwa utani. Yuko pale walipo watoto wengi wanapoingia darasa la kwanza: amekwisha kukariri majina ya namba, lakini ukubwa wa kila namba bado haujamkaa. Kwake nane ni jina linalokuja baada ya saba, kama vile d inavyofuata ch, na hakuna mtu anayesema d ni kubwa kuliko ch. Zile ndizi zako zilionyesha jambo hilohilo. Aliyeelewa tano akiongezewa mbili husema "sita, saba" akaishia hapo. Asiyeielewa anarudi mwanzo kila mara, kwa sababu ile tano aliyoihesabu haikubaki kichwani kama kitu kimoja, ilikuwa kituo tu ndani ya wimbo.

Tuisheni ya kundi kubwa itamwongezea wimbo. Kwa umri wake nisingetoa hela huko kabla ya kujaribu mchezo, na nitakwambia kwa nini, maana jambo hili limepimwa.

Mwaka 2008 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Geetha Ramani na Robert Siegler, walichapisha utafiti waliofanya na watoto wa chekechea kutoka familia za kipato cha chini. Mchezo wao ulikuwa mwepesi mno: miraba kumi kwenye mstari mmoja, imeandikwa 1 hadi 10 kutoka kushoto kwenda kulia, na kishale cha kuzungusha kinachotoa moja au mbili. Mtoto anasogeza kete yake huku anataja namba ya kila mraba anaoukanyaga. Watoto wengine walipewa ubao wa aina hiyohiyo, ila badala ya namba kuna rangi, na wakawa wanataja rangi. Kila kundi lilicheza vikao vinne vya kama robo saa, ndani ya wiki mbili. Waliocheza wa namba wakawa bora katika kuhesabu, kuzitambua namba zilizoandikwa, na kusema ipi kubwa kati ya mbili. Wiki tisa baadaye walipopimwa tena, faida ilikuwa bado ipo. Wale wa rangi hawakusogea.

Sasa nenda kaichukue ludo yako uitazame vizuri. Ile njia inayozunguka ubao ina namba ngapi? Hakuna hata moja. Ni miraba ya rangi tu, na isitoshe inapinda kila kona mpaka unarudi karibu na ulipoanzia. Simkatalii rafiki yako wa kazini. Ludo ina mafunzo yake. Mtoto anajifunza kutambua tano ya dadu kwa kuitupia jicho bila kuhesabu nukta, na akishakuwa na kete mbili nje inabidi afikiri asogeze ipi. Lakini kwa ugonjwa wa mwanao, yaani nane na sita, ludo ni dawa ya mgonjwa mwingine.

Ludo ina matatizo mengine kwa watoto wadogo. Kutoka nyumbani lazima upate sita, na ukipiga hesabu, katika kila watoto watatu mmoja atarusha mara sita nzima bila kuipata. Mtoto wa miaka minne aliyekaa tu anawaangalia wenzake wakitembea lazima aipeleke kete yake sokoni, na mimi ningeipeleka. Kisha kila kete inatembea zaidi ya hatua 50 kabla ya kufika, na kete ni nne. Ule ni mchezo wa watu wenye jioni nzima. Mkitaka kuucheza, chezeni kwa kete moja moja, tena iwe imeshatoka tangu mwanzo.

Ukigeuza upande wa pili utakuta nyoka na ngazi, yenye namba 1 hadi 100. Hapo tumekaribia, ila kuna mtego. Mstari wa kwanza unakwenda kulia, wa pili unarudi kushoto, wa tatu kulia tena. Mtu mzima haoni tabu. Mtoto akifika 10 anapanda 11, halafu hajui aelekee wapi. Akili inayotakiwa ihesabu inakuwa inatafuta njia.

Kwa hiyo tengeneza wako. Chukua ubavu wa boksi, kata kipande kirefu, chora miraba kumi iliyo sawa kabisa (huo usawa ni muhimu, tumia rula), uandike 1 hadi 10 kwa kalamu ya wino mnene kuanzia kushoto. Vizibo viwili vya soda vya rangi tofauti vinatosha kuwa kete. Badala ya dadu, ficha punje za mahindi kwenye ngumi zako, moja mkono huu na mbili mkono ule. Mtoto anachagua ngumi, unaifungua, anahesabu punje, anatembea. Suala la mama mkwe tutalizungumza, lakini hata pasingekuwa na mama mkwe ningekupa njia hiyo, kwa sababu mtoto anaishika ile namba mkononi kabla ya kuitembeza.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapopoteza faida yote. Kete ya mwanao iko kwenye 5, amefungua ngumi kakuta punje mbili. Atasogeza akisema "moja, mbili". Karibu kila mtoto husema hivyo, na karibu kila mzazi humwacha, maana kafika mraba sahihi. Usimwache. Weka kidole chako kwenye 5, sema "uko tano", kisha sogea naye, "sita… saba". Ataona si kawaida, atarudia "moja, mbili", utamrudisha kwa upole. Mwaka 2014 Siegler huyohuyo na mwenzake Elida Laski walilipima hili kwa ubao wa namba mpaka 100. Watoto waliofundishwa kuendelea kuanzia namba waliyopo walipiga hatua nzuri. Waliohesabu kuanzia moja kila zamu, kwenye ubao uleule, hawakunufaika kama wao. Ni ule ugonjwa wa ndizi zako, umeuona? Mtoto anayesema "sita, saba" mara nyingi kila jioni, siku moja utamwekea ndizi tano na mbili naye hatarudi kuanza moja.

Kuhusu nane na sita, usimuulize kama mwalimu wa zamu. Subiri siku kete yake iko 8 na yako iko 6, ulalamike: "Jamani, umeniacha! Umenizidi hatua ngapi?" Atahesabu nafasi, atasema mbili, na atasema kwa furaha maana yeye ndiye yuko mbele. Swali moja la namna hiyo katika mchezo mmoja linatosha. Ukiuliza kumi umemrudisha darasani, na mkeka atauchukia.

Kwa miaka yake sita, ubao wa kumi atauchoka mapema. Ukiona anaruka bila kugusa, mtengenezee wa 20, na ngumi ziwe na punje mpaka tatu au nne. Baadaye chora wa 100 kwa mistari kumi, kila mstari uanze kushoto, ili 21 ikae juu ya 11 na 11 juu ya 1. Akishaanza kuona mwenyewe kwamba kupanda mstari mmoja ni kuongeza kumi, hapo hata ukirudi kwenye nyoka na ngazi ya dukani hatapotea.

Ludo ya simu anayoisema baba yao ina kasoro moja kubwa kuliko hizo kete za kupotea. Simu inarusha dadu, inahesabu, na mara nyingi inaitembeza kete yenyewe. Mtoto anabaki kugusa kioo. Kazi yote tuliyoitaka aifanye yeye, imefanywa na simu.

Tuje kwenye kilio. Mtoto wa miaka sita kulia akishindwa ni jambo la umri wake. Tena angalia ni mchezo gani mmemwekea: katika ludo mtu anatembea hatua arobaini kwa jasho lake, anabakiza kidogo afike, anatokea mwingine anamla na kumrudisha mwanzo. Wazee wazima wamegombana kwa hilo. Dawa ya kwanza ni mchezo mfupi. Ule wa miraba kumi unaisha haraka, na anayeshindwa anacheza tena papo hapo, kwa hiyo kushindwa hakuwi msiba. Akilia, usihutubie. Mwache alie, usikusanye ubao kwa hasira, muulize tu kama anataka nyingine au tupumzike. Na siku za mwanzo mnaweza kucheza upande mmoja: kete ni moja, yeye na mdogo wake wanaisogeza kwa zamu, na wanashindana na mama anayepika. Wafike 20 kabla chai haijachemka.

Wewe nawe uonyeshe namna ya kushindwa, kwa sauti. Kete yako ikimezwa na nyoka, sema "Aa! Kanimeza huyu! Haya, nashuka zangu." Watoto wanaiga hilo kuliko mawaidha.

Kumwachia ashinde kwa siri, acha. Kwenye michezo ya bahati huna haja, bahati yenyewe itampa zamu yake. Kwenye michezo ya akili, mtoto ana macho. Akigundua kwamba mama anajifanya hajui, ushindi wote wa nyuma unakuwa batili. Lakini na baba yao naye kumchapa mtoto wa miaka sita kila siku kisha akasema anamfundisha dunia, hapana. Mtoto hajifunzi kitu kwenye mchezo ambao mwisho wake anaujua. Kuna njia ya katikati ambayo mafundi wa drafti wanaitumia hata kwa watu wazima: kumpunguzia mwenzako waziwazi. Kila mmoja ana vizibo 12. Baba atoe vizibo vyake vinne pembeni kabla ya kuanza, aseme "mimi ni mkubwa, nacheza na vinane", kisha acheze kwa nguvu zake zote. Mtoto akishinda mara kadhaa, baba aongeze kizibo kimoja. Hapo mtoto anaona kabisa kwamba anapanda, na akishinda ameshinda kweli.

Kuhusu wizi wake wa hesabu, nisamehe, nimecheka. Mtoto yuko 14, nyoka yuko 16, amepata mbili, anatembea moja. Ina maana ametazama mbele, amejua mbili itamfikisha wapi, na ameamua apunguze moja. Huyo ndiye mtoto tunayeambiwa hajui hesabu? Kwenye kukwepa nyoka anajua kutoa na kujumlisha. Usimwite mwizi wala mwongo. Sema "ngoja tuihesabu pamoja", uweke kidole chako juu ya chake mhesabu upya kwa sauti, nyoka amle, mchezo uendelee. Akijua kila hatua inahesabiwa kwa sauti na kila mtu, wewe ukiwemo, ile hila inakosa nafasi.

Huyu wa kike wa miaka minne asilazimishwe kanuni. Zamu kwake ni muda mrefu mno. Mpe kazi: yeye ndiye wa kuficha punje kwenye ngumi, au ndiye msogezaji wa kete ya mama. Na kete yake ya sokoni muulizie imenunua nini. Nyanya ngapi? Kumbe anahesabu naye, kwa njia yake.

Sasa baba yao. Mwanangu, mtu anayekaa barazani mpaka isha akisambaza kete, halafu akaja nyumbani kusema mchezo ni uvivu, huyo usibishane naye. Mpe kazi. Bao analocheza ni shule nzima: mashimo 32 katika safu nne za manane, kete 64, na fundi anayekuwa na akili ya kuona kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaigusa ya kwanza. Mwambie, tena mbele ya watoto: "Mwanao anataka umfundishe bao, mimi silijui." Sijaona mchezaji wa bao aliyekataa maneno hayo.

Ila asianze na bao lenyewe la kiswahili, lenye namua (kuingiza kete za akiba moja moja), nyumba (shimo la pekee la kila mchezaji) na mtaji (hatua ya pili, akiba ikishaisha). Hilo litamchanganya mtoto siku hiyohiyo. Lipo bao la kujifunza, ambalo kila shimo linawekwa kete mbili tangu mwanzo, bila akiba mkononi na bila nyumba. Na hata hilo aanze na kipande chake tu. Mtoto achote kete za shimo moja, azisambaze moja moja kwenye mashimo yanayofuata upande wake, ya mwisho ikiangukia shimo tupu amelala, zamu imekwisha. Utaona anadondosha mbili kwenye shimo moja, au anaruka shimo. Hilo ndilo somo: kete moja, shimo moja, hakuna kuruka. Watoto wengi wanaokosea kuhesabu vitu wanakosea hapohapo, mdomo unakwenda mbio kuliko kidole. Bao linaufunga mdomo usubiri mkono. Akishazoea kusambaza, baba amuulize kabla hajachota: "Itaishia wapi?" Akisie, asambaze, wajue. Habari za kula zije akishazoea hayo, hakuna haraka.

Kama bao la barazani haliwezi kuja nyumbani, chimbeni vishimo uani. Watoto wa pwani wamejifunzia mchangani siku zote.

Bao limenifikisha kwa mama mkwe, kwa sababu halina dadu. Wala drafti haina. Simwoni kama mkorofi, ana msingi wake: katika Sahih Muslim imo hadithi inayomkemea vikali mchezaji wa nardi, ambao ni mchezo wa dadu, na wapo wanazuoni wanaoikataza dadu hata pasipo na dau, kama alivyokwambia. Wapo pia wanaosema kinachotazamwa ni kamari iliyomo. Mimi ni mwalimu wa chekechea mstaafu, fatwa si kazi yangu. Mwenye nyumba ya watu wazima watatu hashindani kwa kitu cha kuweza kubadilishwa. Ifungie dadu kabatini, mwonyeshe hizo ngumi za punje umuulize kama ana pingamizi. Akiwa nalo, muulizeni shehe wenu wa mtaani, na mkisubiri jibu mtumie bao. Na ukiweza, muombe yeye mwenyewe akae mkekani awe mwamuzi. Bibi akisema "umeruka shimo", mtoto habishi kama anavyokubishia wewe.

Yule wa mwaka na nusu ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote, nawe umemtaja kwa mstari mmoja tu. Kete za ludo, komwe za bao, punje za mahindi, maharage na vizibo vya soda, vyote hivyo vinaweza kumkaba. Kipimo chepesi ni kile kiini cha karatasi ya chooni, lile bomba la boksi linalobaki karatasi ikiisha: kitu chochote kinachopita ndani yake, mtoto wa chini ya miaka mitatu asikikaribie. Punje na maharage yana ubaya wa ziada, yakiingia puani yanavimba kwa unyevu na kutoka inakuwa shida. Chezeni akiwa amelala, au juu ya meza asiyoifikia. Zihesabu kete kabla na baada ya mchezo, na kazi hiyo umpe mkubwa. Anahesabu kwa sababu ya maana, na ndugu yake anakuwa salama. Zile zilizoingia chini ya kabati zitoe leo.

Mwisho ile seti ya dukani. Sijaiona, ila naweza kukwambia cha kutazama. Waombe wafungue boksi. Kama ndani kuna ubao wenye namba zilizoandikwa kwenye njia, njia yenyewe imenyooka au kila mstari unaanza upande uleule, na kete ni kubwa, basi ni kitu kizuri ambacho umekwisha kukitengeneza kwa boksi. Kama ni rangi, picha za wanyama na betri inayoimba ABC, hicho umekwisha kuwa nacho, maana kuimba mwanao anajua. Wakikataa kufungua, rudi nyumbani na hela yako.